Mfuko wa Mbolea Unaposahihisha Daftari

Nawasalimu mlioko Kyela mjini, Ipinda, Ngonga, Kajunjumele, Mwaya na Kasumulu, na ninyi wa Matema na Ikombe mnaoishi kati ya mlima na ziwa. Kama kuna mwanafunzi wa kidato cha pili au cha tatu hapo nyumbani, mwite asogee karibu na redio, aje na daftari na kalamu. Na wewe mzazi usiondoke. Mambo tutakayozungumza leo yamo kwenye mfuko wako wa mbolea na kwenye sanduku lako la kakao.

Mada yetu ni fomula za kemikali. Ni yale maandishi mafupi ya herufi na namba ambayo mtoto anarudi nayo kutoka shule: NaCl, CaCO₃, Fe₂O₃, na mengine kama hayo. Tuna maswali mawili. La kwanza: kitu kikiwa kimeundwa na ioni, yaani atomu au vikundi vya atomu vyenye chaji, tunajuaje chaji ya kila ioni, na chaji hizo zinatufikishaje kwenye fomula? La pili: ukiwa na kitu mkononi, fomula yake huijui, lakini umepima uzito wa kila kilichomo ndani yake, fomula utaipataje? Kwa hiyo kuna njia ya chaji, na kuna njia ya mizani. Nazirudia: njia ya chaji, na njia ya mizani. Ninachotaka tukione leo ni kwamba njia hizi mbili hufika mahali pamoja. Mwanafunzi anayezijua zote mbili anaweza kujisahihisha mwenyewe, usiku, nyumbani, bila kumsubiri mwalimu.

Nalisema hili kwa sababu najua tunavyofundisha. Tunawapa watoto orodha ya valensi, nao wanaiimba: sodiamu moja, kalsiamu mbili, aluminiamu tatu. Siku ya mtihani neno moja la wimbo likipotea, na yaliyobaki yanapotea. Tukumbuke pia kwamba wengi wa watoto hawa wamesoma sayansi kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, halafu kidato cha kwanza kila kitu kikageuka Kiingereza. Mtoto anabebeshwa lugha mpya na kemia mpya kwa wakati mmoja. Akinyamaza darasani, tusikimbilie kusema hana akili. Leo twende taratibu, kwa lugha ambayo sote tunaielewa.

Tuanze na chaji. Kila atomu ina kiini, na ndani ya kiini kuna protoni zenye chaji chanya. Kukizunguka kiini kuna elektroni zenye chaji hasi. Idadi zikilingana, atomu haina chaji. Elektroni hizo zimepangwa kwa ngazi, na ngazi ya nje kabisa ndiyo inayoamua atomu itakuwa na tabia gani. Kwa elementi nyingi tunazokutana nazo mwanzoni, atomu hutulia ngazi ya nje inapokuwa na elektroni nane.

Sasa chukua sodiamu, iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Ina elektroni 11: mbili ndani, nane zinazofuata, na moja peke yake nje. Je, ni rahisi kwake kuiachia hiyo moja, au kutafuta nyingine saba? Bila shaka kuiachia. Ikiiachia inabaki na protoni 11 na elektroni 10, kwa hiyo ina chaji chanya moja. Tumeshapata ioni. Klorini nayo ina elektroni 17: mbili, nane, saba. Imepungukiwa na moja tu. Ikiipata, inakuwa na chaji hasi moja. Umeona hapo? Hatukukariri chochote. Tumetazama ngazi ya nje tu.

Hivyo ndivyo unavyosoma jedwali la elementi. Kundi la kwanza, chanya moja. Kundi la pili, chanya mbili. Kundi la tatu, kama aluminiamu, chanya tatu. Ukienda upande wa pili unahesabu upungufu: kundi la saba limepungukiwa na moja, basi hasi moja. Kundi la sita, kama oksijeni na salfa, limepungukiwa na mbili, basi hasi mbili. Kundi la tano, hasi tatu. Kundi la nne lina mwenendo mwingine, tutalikuta huko mbele kwenye kakao.

Ukishajua chaji, kanuni iliyobaki ni moja tu: kitu kizima hakina chaji. Chumvi unaishika kwa mkono wala haikupigi shoti. Chanya zote ukizijumlisha na hasi zote lazima upate sifuri. Magnesiamu ina chanya mbili na klorini hasi moja. Magnesiamu moja inahitaji klorini ngapi? Mbili. Andika MgCl₂. Aluminiamu ina chanya tatu na oksijeni hasi mbili. Hapa tafuta namba ambayo tatu na mbili zote zinaifikia, nayo ni sita. Aluminiamu mbili zinatoa chanya sita, oksijeni tatu zinatoa hasi sita. Andika Al₂O₃.

Hapo kuna mtego. Wanafunzi wamefundishwa kuvusha namba: chaji ya huyu inakwenda chini ya yule. Kwa aluminiamu inafanya kazi vizuri. Ukiifanya kwa kalsiamu na oksijeni, chanya mbili na hasi mbili, utaandika Ca₂O₂, na mwalimu atakupiga kosa. Kwa nini? Kwa sababu tunatafuta uwiano mdogo kabisa, na mbili kwa mbili ni moja kwa moja. Jibu ni CaO. Kuvusha namba ni mkato wa kuandikia haraka. Usiruhusu mkato uchukue nafasi ya kufikiri. Jiulize kila mara: chanya ngapi, hasi ngapi, zinalingana?

Haya, twende kwenye mbolea. Najua hapa Kyela wako wanaolima mpunga wao kwa rutuba ya mafuriko ya mito peke yake, lakini mbolea ya SA mnaifahamu, madukani ipo. Mwanafunzi, muulize mzazi kama kuna mfuko wa SA stoo. Geuza mfuko utazame namba iliyoandikwa. Utaona 21. Maana yake ni kwamba katika kila kilo 100 za mbolea ile, naitrojeni ni kilo 21. Namba hiyo tuishike.

SA ni amoniamu salfeti. Imeundwa na ioni mbili, na kila moja ni kikundi cha atomu kinachotembea pamoja. Amoniamu ni naitrojeni moja na hidrojeni nne, na kikundi chote kina chaji chanya moja. Salfeti ni salfa moja na oksijeni nne, na kikundi chote kina chaji hasi mbili. Chaji za vikundi hivi ni chache, na hizi kweli inabidi uzizoee.

Mwanafunzi mwenye haraka anaandika amoniamu moja na salfeti moja: NH₄SO₄. Inavutia kuitazama, ina nne huku na nne kule. Je, ni sahihi? Tusimuulize mwalimu, tuuulize mfuko. Atomu ya naitrojeni ina uzito wa 14, ya hidrojeni 1, ya salfa 32, ya oksijeni 16. Kwa fomula hiyo ya haraka, naitrojeni ni 14, na jumla ya vyote ni 114. Gawanya 14 kwa 114 upate asilimia: ni kama 12. Mfuko unasema 21. Hazikubaliani hata kidogo. Fomula ile ina kasoro.

Sasa fuata chaji. Salfeti ni hasi mbili, amoniamu ni chanya moja. Salfeti moja inahitaji amoniamu ngapi? Mbili. Tunaweka mabano kuonyesha kwamba kikundi kizima kipo mara mbili: (NH₄)₂SO₄. Naitrojeni sasa ni mbili, yaani 28. Jumla ya vyote ni 132. Gawanya 28 kwa 132. Unapata asilimia 21 na kidogo. Namba ya mfuko hiyo hapo.

Ndugu wasikilizaji, hapa ndipo ninapoipendea kemia. Aliyeandika 21 kwenye mfuko ule hakukaa na daftari lako. Wewe uliyehesabu chaji hukuingia kiwandani kwao. Mmekutana kwenye namba moja. Mtoto akiliona hilo mara moja kwa macho yake, fomula inaacha kuwa wimbo. Ukiwa na mfuko wa urea, fanya hesabu hiyohiyo: urea ina kaboni moja, oksijeni moja, naitrojeni mbili na hidrojeni nne. Jumla ya uzito ni 60, na naitrojeni ni 28. Mfuko umeandikwa 46. Angalia mwenyewe kama inafika. Na wewe mkulima, sasa unaona kwa nini mfuko wa urea una naitrojeni zaidi ya maradufu ya mfuko wa SA wenye uzito uleule. Ukilinganisha bei dukani, linganisha kwa naitrojeni. Idadi ya mifuko peke yake haikupi picha kamili.

Tumemaliza njia ya chaji. Sasa njia ya mizani.

Swali lake ni hili: tumepima kitu, tumejua kina uzito kiasi gani cha hiki na kiasi gani cha kile. Tunatokaje kwenye uzito kwenda kwenye idadi? Fomula inahesabu atomu, haipimi kilo. Fikiria uko Itungi asubuhi, umewekewa kilo kumi za usipa na kilo kumi za mbasa. Uzito ni sawa. Je, idadi ya samaki ni sawa? Hata mtoto mdogo atacheka. Ukitaka kujua idadi bila kuhesabu samaki mmoja mmoja, unagawanya uzito wote kwa uzito wa samaki mmoja. Ndicho tunachofanya na atomu, basi. Uzito wa elementi, gawa kwa uzito wa atomu yake. Nasema tena, na mwanafunzi andika: uzito wa elementi, gawa kwa uzito wa atomu yake.

Msidhani wakubwa wa sayansi waliliona hili kirahisi. John Dalton wa Uingereza, aliyechapisha nadharia yake ya atomu mwaka 1808, alidhani maji ni hidrojeni moja na oksijeni moja. Mizani alikuwa nayo, tena alipima kwa bidii. Alichokosa ni uzito sahihi wa atomu moja ya oksijeni ukilinganisha na ya hidrojeni. Ukikosea uzito wa samaki mmoja, utakosea hesabu ya samaki wote. Ilichukua miaka mingi ya ubishi mpaka wanakemia walipokutana Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1860, na Mwitaliano Stanislao Cannizzaro akaonyesha namna ya kuupata uzito huo bila kujipinga. Kwa hiyo mtoto wako akihangaika na sura hii wiki moja, asione haya. Dunia ilihangaika nayo nusu karne.

Mfano wetu wa kwanza ni mawe ya chokaa ya Songwe. Naona kuna mtu amegeuza kichwa kuelekea Kasumulu. Mto Songwe ninaousema si ule wetu wa mpakani na Malawi. Ni ule mwingine, upande wa magharibi wa jiji la Mbeya, unaokwenda kumwaga maji Ziwa Rukwa. Kwenye bonde lake kuna chemchemi za maji moto ambazo kwa muda mrefu sana zimeacha tabaka nene za mawe ya chokaa, na kiwanda cha saruji cha Mbeya kimejengwa jirani na mawe hayo.

Chukua gramu 100 za jiwe la chokaa lililo safi. Ukilichambua utapata kalsiamu gramu 40, kaboni gramu 12, na oksijeni gramu 48. Sasa tugawe. Kalsiamu 40, uzito wa atomu 40: moja. Kaboni 12, uzito wa atomu 12: moja. Oksijeni 48, uzito wa atomu 16: tatu. Moja, moja, tatu. Fomula ni CaCO₃. Hakuna uganga hapo.

Je, njia ya chaji inasemaje? Kalsiamu iko kundi la pili, chanya mbili. Kaboneti, kile kikundi cha kaboni moja na oksijeni tatu, ni hasi mbili. Moja kwa moja. Zimekutana tena. Na ukilichoma jiwe hilo kwenye tanuri, katika kila kilo 100 za jiwe safi kilo 44 zinaondoka kama gesi ya kaboni dayoksaidi, zinabaki kilo 56 za chokaa. Mchomaji chokaa analijua hilo mgongoni mwake: anachopakia tanurini ni karibu maradufu ya anachokipakua.

Gesi hiyohiyo, kwa taarifa yenu, jirani zetu wa Rungwe wanaipata ikitoka ardhini yenyewe. Kule Ikama, chini ya mlima Kyejo, kampuni ya TOL inavuna kaboni dayoksaidi ya asili, na moja ya kazi kubwa za gesi hiyo ni kutia mapovu kwenye soda.

Sasa kakao. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu wilaya yetu inajulikana nchi nzima kwa zao hili, na ndani ya sanduku la kuchachushia kakao kuna somo ambalo sijaona kitabu cha shule kikilitumia.

Mnajua kazi inavyokwenda. Maganda yanapasuliwa, mbegu zinatolewa na ute wake mweupe, mtamu, unaonata vidoleni. Zinawekwa kwenye sanduku la mbao au zinalundikwa, zinafunikwa kwa majani ya migomba, na kila baada ya muda zinageuzwa. Siku ya kwanza ukifunua unasikia harufu tamu ya matunda. Baadaye inakuja harufu ya pombe. Halafu siki, kali mpaka machozi yanatoka, na lundo limepata joto ambalo mkono haukai ndani. Kuna nini mle? Chachu zinakula sukari ya ute na kutoa pombe. Bakteria wa aina moja wanaigeuza sukari kuwa asidi ya maziwa, ileile inayofanya mtindi uwe mchachu. Na bakteria wengine tena, wanaopata hewa lundo linapogeuzwa, wanaichukua pombe na kuifanya asidi ya siki. Joto na asidi hiyo ndivyo vinavyoua kiini cha mbegu na kuanzisha ladha ya chokoleti. Kakao iliyokaushwa bila kuchachushwa haipati ladha hiyo.

Sasa tuipime. Chukua glukosi, moja ya sukari zilizomo kwenye ute. Katika gramu 100, kaboni ni gramu 40, hidrojeni ni 6.7, oksijeni ni 53.3. Gawa kama tulivyofanya. Kaboni, 40 kwa 12, unapata 3.33. Hidrojeni, 6.7 kwa 1, unabaki na 6.7. Oksijeni, 53.3 kwa 16, unapata 3.33. Namba hizi hazipendezi, na hapa ndipo wengi huachia njiani. Usiachie. Gawa zote kwa iliyo ndogo kabisa, yaani 3.33. Moja, mbili, moja. Fomula ni CH₂O.

Kisha chukua asidi ya siki kutoka lundo lilelile. Ipime. Kaboni 40, hidrojeni 6.7, oksijeni 53.3. Halafu asidi ya maziwa: kaboni 40, hidrojeni 6.7, oksijeni 53.3. Namba zilezile! Kitu kitamu, kitu kikali cha kuwasha pua, na uchachu wa mtindi, vyote vitatu mizani inasema CH₂O. Hata kemikali inayotengenezewa dawa ya kuhifadhia maiti hospitalini, ile formalini, nayo ni CH₂O.

Inawezekanaje? Mizani imetudanganya? Hapana. Mizani imejibu swali iliyoulizwa. Tuliiuliza uwiano, ikatupa uwiano: kwa kila kaboni moja, hidrojeni mbili na oksijeni moja. Hatukuiuliza molekuli nzima ina ukubwa gani. Fomula hii ya uwiano ndiyo ile wanafunzi wanayoiita fomula ya empirikali. Ili upate molekuli kamili unahitaji taarifa moja zaidi, uzito wa molekuli. CH₂O ina uzito wa 30. Molekuli ya asidi ya siki ina uzito wa 60, basi ni mara mbili: C₂H₄O₂. Asidi ya maziwa ni 90, mara tatu: C₃H₆O₃. Glukosi ni 180, mara sita: C₆H₁₂O₆. Ile ya formalini ni 30, mara moja tu, ilivyo.

Mwanafunzi, ukiulizwa tofauti kati ya fomula ya empirikali na fomula ya molekuli, taja lundo la kakao. Utaikumbuka tofauti hiyo maisha yako yote, na msahihishaji atajua umeelewa.

Hapo kwenye kakao pia mmeona kwamba sikutumia chaji hata mara moja kutafuta fomula. Kaboni, hidrojeni na oksijeni kwenye sukari zinashirikiana elektroni, hakuna anayeachia wala anayechukua moja kwa moja. Ndiyo tabia ya kundi la nne niliyoiahidi. Kwa vitu vya namna hii njia ya chaji haitoshi kukupa fomula, njia ya mizani inafanya kazi. Na kuna vitu ambavyo njia zote mbili zinafanya kazi lakini zinaonekana kugombana. Tumalizie na kimoja cha hivyo.

Tafuta spika mbovu, toa sumaku yake, ifunge kwa karatasi. Nenda kwenye mchanga mkavu wa mto Kiwira, au mto wowote unaoshuka kutoka milima yetu ya volkano, uipitishe sumaku juu ya mchanga. Chembe nyeusi zitaruka na kushika kwenye karatasi kama ndevu. Nyingi kati ya chembe hizo ni madini ya chuma yanayoitwa magnetaiti. Ng'ambo ya milima ya Livingstone, kule Liganga wilayani Ludewa, madini ya jamii hiyo yako kwa wingi mkubwa, yakiwa yamechanganyika na titani na vanadi. Wazee wetu wa Kinyakyusa walipata majembe yao kutoka kwa wahunzi wa Kikinga wa milima hiyohiyo, muda mrefu kabla ya majembe ya kiwandani. Wahunzi hao walijua kwa macho na kwa moto jiwe lipi linatoa chuma.

Tuipime magnetaiti. Nachagua gramu 232 ili mgawanyo utoke kamili. Chuma ni gramu 168, oksijeni ni gramu 64. Uzito wa atomu ya chuma ni 56: 168 kwa 56, tatu. Oksijeni, 64 kwa 16, nne. Fomula ni Fe₃O₄. Mizani imesema.

Sasa chaji. Chuma hakimo kwenye yale makundi tuliyoyasoma mwanzo. Kiko katikati ya jedwali, na metali za pale katikati huweza kuwa na chaji zaidi ya moja. Chuma huwa chanya mbili au chanya tatu. Ndiyo maana kwenye jina lake tunaandika namba ya Kirumi. Wekundu wa udongo wetu wa milimani, kwa mfano, ni chuma cha chanya tatu. Kwenye oksaidi nyekundu yenyewe, tatu na mbili zinakutana kwenye sita, tunapata Fe₂O₃. Hapo hapana ugomvi.

Lakini magnetaiti? Oksijeni nne zina hasi nane. Chuma tatu zinatakiwa zilete chanya nane. Nane gawa kwa tatu: haigawanyiki. Zikiwa zote chanya mbili unapata sita. Zikiwa zote chanya tatu unapata tisa. Mwanafunzi wa kukariri anafunga daftari hapa, anasema kitabu kimekosea. Tafadhali usifunge. Mizani ina uhakika, na chaji lazima zilingane. Njia zote mbili ni za kweli. Basi kuna jambo ndani ya jiwe ambalo hatujaliwaza. Liwaze kidogo, nakupa nafasi.

Atomu tatu za chuma hazilazimiki kufanana. Moja ina chanya mbili, na mbili zina chanya tatu kila moja. Mbili, jumlisha tatu, jumlisha tatu: nane. Zimelingana. Ndani ya ile chembe moja nyeusi iliyoshika kwenye sumaku yako kuna chuma cha aina mbili za chaji, zikikaa pamoja kwa mpangilio. Tena mchanganyiko na mpangilio huo wa ioni ndio unaohusika na usumaku wake. Kuwapo kwa aina hizo mbili za chaji tumekujua kwa kugawanya na kujumlisha tu, kwa sababu hatukukubali kuitupa njia moja pale ilipoonekana kugombana na nyenzake.

Kazi ya nyumbani. Kwenye madini ya Liganga kuna pia jiwe linaloitwa ilmenaiti. Katika gramu 152 za ilmenaiti safi, chuma ni gramu 56, titani ni gramu 48, oksijeni ni gramu 48. Uzito wa atomu ya titani ni 48. Nyingine nimeshazitaja leo, zimo kwenye daftari lako. Kwanza nataka fomula, kwa njia ya mizani. Pili, chuma humo ndani ni chanya mbili, niambie titani ina chaji gani. Wazazi, msiwapatie watoto jibu kutoka kwenye simu. Waacheni wagawanye wenyewe mezani, hata wakikosea mara ya kwanza.

Majibu tutayasahihisha pamoja kipindi kijacho, saa hizihizi. Kisha tutaingia kwenye milinganyo, tuone nini hasa kinatokea chuma kinapotolewa oksijeni na mkaa kwenye tanuri la mhunzi.